Niliukata Kichwa Mti wa Mama Mkwe



Mimi ni muuguzi. Kwa zaidi ya miaka 20 nimefunga vidonda vya watu: vya wakulima waliojikata kwa panga, vya watoto waliomwagikiwa na uji wa moto, vya akina mama waliojifungua kwa kupasuliwa. Jioni za katikati ya juma huwa nasaidia katika umoja wa akina mama wa kanisa letu. Zamani ningeulizwa ni nani katika ukoo wetu anayejua habari za majeraha, ningejinyooshea kidole mwenyewe bila aibu. Leo nataka kuwasimulia jeraha ambalo nililisababisha mimi, nikalifunga vibaya, likakaa miaka tisa likioza ndani huku nje likionekana zima. Lilikuwa jeraha la mti, lakini halikuishia kwenye mti.

Tunaishi kwenye kihamba, katika miteremko ya Kilimanjaro, kati ya migomba na mikahawa. Nilipoolewa mwaka 2003 nilikuta mparachichi mkubwa nyuma ya nyumba, karibu na jiko la nje. Mama mkwe aliupanda mwaka 1974, mwaka aliomzaa mume wangu, kifungua mimba wake. Jirani aliyekuja kumwona mzazi alimletea parachichi. Mama akala, kisha akaiotesha kokwa kwenye kopo. Kwa hiyo mume wangu na mti ule walikuwa rika moja. Chini ya mti huo mama alipukuchua mahindi, alichambua maharage, alipokea wageni, na alisuluhisha ugomvi wa watoto wake. Msimu ukiwa mzuri tulijaza magunia, tukawagawia majirani, na mengine bado yakaliwa na nguruwe.

NILIVYOKOSEA

Mwaka 2009 tulijenga upya lile jiko na kuliezeka kwa mabati. Ndipo taabu ilipoanza. Maparachichi yalianguka usiku juu ya bati, watoto wakaamka wakilia. Majani yaliziba mfereji wa kukingia maji ya mvua. Upepo ukivuma nililala macho, nikiwaza kwamba siku moja mti ule utatuangukia. Na niseme kweli yote: nilikuwa na miaka 28, nina mshahara wangu, na nilikuwa nimechoka kuishi katika ua ambao kila kitu ndani yake kilipangwa na mtu mwingine kabla mimi sijafika.

Mwezi wa pili mwaka huo mama mkwe alikwenda Arusha kukaa na binti yake aliyejifungua. Mume wangu aliponiona naukazia mti macho aliniambia, "Mama watoto, msubiri mama arudi." Sikusubiri. Alipokwenda kazini nilimwita kijana mwenye panga na msumeno. Akaniuliza, "Mama, nikate wapi?" Nikanyoosha mkono nikasema, "Kata kote juu, ubaki sawa na paa."

Kazi ilichukua siku mbili. Mti uliokuwa na kivuli cha kukalia watu 30 ulibaki shina na vigutu vinne vinene, kama mkono uliokatwa vidole. Tawi kubwa la chini lililoelekea jikoni nilitaka liondoke kabisa. Nilimwambia alaze msumeno kwenye shina, pabaki laini kama ukuta uliopigwa lipu. Kabla hajamaliza kukata, tawi lilielemewa na uzito wake, likaanguka na kuchuna ukanda mrefu wa gome mpaka karibu na ardhi. Mimi nikaleta rangi ya mafuta iliyobaki tulipopaka milango, nikalipaka jeraha lile kwa brashi. Nilijisifu moyoni: muuguzi ni muuguzi, hata kwa miti.

Mama mkwe aliporudi alisimama uani bila kutua mkoba. Kisha akaenda akaligusa shina kwa kiganja. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno, nimepanga na majibu yangu. Akaniuliza tu, "Mmekula?" Tangu siku hiyo kigoda chake alikihamishia mbele ya nyumba.

Baada ya miezi michache mti uliota. Na uliota kweli! Kila kigutu kilitoa machipukizi mengi kama ufagio, yakapanda mbio. Baada ya miaka michache ulikuwa na kijani kizito kuliko kwanza, ukafika juu ya paa tena. Siku moja nilimwambia, "Mama, unaona? Mti umepona." Akautazama, akajibu, "Umeota, mkwe wangu. Kama umepona, sijui."

SIKU YA MVUA

Ilikuwa mwezi wa nne mwaka 2018, masika yamekolea. Mimi nilikuwa zamu ya mchana kwenye kituo cha afya. Saa kumi jioni mvua ilikuja na upepo. Mama mkwe, akiwa na zaidi ya miaka 60, aliingia jikoni kuyaepua maharage. Mwanangu mdogo alikuwa ametoka humo muda mfupi tu kabla, kwenda kufunga mbuzi.

Moja ya yale matawi yaliyoota kwenye vigutu, nene kama paja la mtu mzima, lilibanduka na kuangukia jiko. Halikuvunjika katikati. Lilibanduka pale lilipokuwa limeshikana na kigutu, kama mpini unaochomoka kwenye jembe. Bati lilikunjika, boriti likashuka, likampiga mama kwenye kiwiko cha mkono wa kulia.

Walimleta kwangu kwa pikipiki, amefunikwa kanga iliyolowa. Nimefunga gango kwenye mikono mingi, lakini siku ile vidole vyangu havikunitii. Alinitazama, na kwa sauti ya chini ili wenzangu wasisikie akasema, "Usilie. Mti ule ulikuwa mgonjwa tangu siku ile. Nilikuwa nauona." Tukampeleka hospitali kubwa, akatibiwa, mfupa ukaunga. Lakini mkono ule haujanyooka tena mpaka leo. Hawezi kujitwika ndoo wala kusuka mkeka.

MTI HAUPONI KAMA SISI

Mti ilibidi uondolewe wote. Tulimwita mzee mmoja wa kanisa letu, bwana miti mstaafu, asimamie wakataji. Walipoangusha kipande cha juu aliniita, "Sista, njoo uone mgonjwa wako."

Nilisogea. Chini ya kila kigutu mbao ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia na kuwa laini kama mkate uliolowa. Uozo ulikuwa umeshuka ndani ya shina zaidi ya urefu wa mkono wangu. Pale nilipopaka rangi, gome lilikuwa halijaziba. Nyuma ya rangi palikuwa na tundu lenye maji meusi na wadudu. Rangi yenyewe ilikuwa bado inang'aa.

Kisha akanionyesha jambo ambalo sijalisahau. Kwenye kipande kilichokatwa kulikuwa na mstari mweusi uliozunguka kama duara. Ndani ya mstari mbao ilikuwa imeoza. Nje ya mstari ilikuwa nyeupe na ngumu, haina doa. Akasema, "Mstari huu unaonyesha unene wa mti siku ulipoukata. Yote yaliyokuwapo siku ile yameoza. Yote yaliyoota baada ya siku ile ni mazima."

Nikamuuliza inawezekanaje. Akaketi juu ya gogo, akanifundisha kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Nami nawapa ninyi kama nilivyopokea.

Mtu akikatwa, mwili hutengeneza nyama mpya mahali pa ile iliyoharibika. Kidonda hupona. Mti hauwezi hivyo. Mbao iliyojeruhiwa haifanywi upya kamwe. Unachofanya mti ni kujenga kuta kuzunguka jeraha ili uozo usitoke humo, kisha kuota mbao mpya juu yake na kulifunika. Jeraha hubaki ndani maisha yote ya mti, limefungiwa kama mtu anavyofunga chumba chenye moto. Aliyelieleza jambo hili vizuri ni Alex Shigo, mtafiti wa idara ya misitu ya Marekani, aliyefariki mwaka 2006. Yeye alipasua miti mingi sana kwa msumeno wa mota, kwa urefu badala ya kuikata mapande, akafuata njia ya uozo kutoka jeraha mpaka mwisho wake. Mwaka 1977 idara hiyo ilichapisha maelezo yake ya kuta nne. Ukuta wa kwanza huzuia uozo kupanda na kushuka, nao ndio dhaifu kuliko zote. Wa pili huzuia usiende ndani. Wa tatu huzuia usienee pembeni. Wa nne hujengwa baada ya jeraha, kati ya mbao ya zamani na mbao mpya, nao ndio imara kuliko zote. Ule mstari mweusi niliouona ndio ukuta wa nne.

Basi mti unaweza kujilinda sana, lakini kwa masharti. Kujenga kuta kunataka nguvu, na nguvu ya mti hutoka kwenye majani. Majani ndiyo jiko la mti. Humo hupikwa chakula kinacholisha shina na mizizi, na ziada huwekwa akiba ndani ya mbao. Mimi niliondoa jiko lote kwa siku mbili, papo hapo nikaufungulia mti majeraha matano makubwa. Ukalazimika kuchota akiba yake yote ili uote majani upesi usife njaa. Yale machipukizi niliyoyaita uponyaji yalikuwa kilio cha njaa.

Tena machipukizi hayo hayashikani na mti kama tawi la kawaida. Tawi la kawaida huanza likiwa changa pamoja na shina, na kila msimu mbao ya shina na ya tawi hufumana, kama mkeka unavyosukwa. Chipukizi linaloota kwenye kigutu huanzia karibu na gome, likishika tabaka za nje tu. Hukua haraka, huwa zito, na chini yake kigutu kinaoza. Hapo akina mama mnaweza kumalizia hesabu wenyewe. Niliukata mti kwa kuogopa utaangukia jiko. Kuukata vile ndiko kulikouangusha.

KUHUSU RANGI NILIYOPAKA

Nilimwambia yule mzee kwamba angalau nililifunga jeraha. Akacheka kidogo. Zamani watu wengi walipaka lami au rangi kwenye majeraha ya miti, wakidhani ni dawa. Uchunguzi umeonyesha kwamba rangi haizuii uozo. Mara nyingi hutunza unyevu nyuma yake, na kuvu hupenda unyevu. Jeraha lililokatwa vizuri liachwe wazi, lipigwe na hewa.

Sikubisha, maana sisi wauguzi tumepitia njia hiyohiyo. Kulikuwa na wakati watu walimimina spiriti ndani ya kidonda kibichi, wakidhani kadiri kinavyowasha ndivyo kinavyotibiwa. Baadaye tukafundishwa kwamba dawa kali huua na nyama hai inayojaribu kupona, na kwamba maji safi ya chumvi iliyopimwa yanatosha kwa kidonda kingi. Kumbe si kila kinachofanana na huduma ni huduma.

JINSI YA KUKATA

Wengi wetu tuna miti nyumbani: miembe, miparachichi, michungwa, mipera. Mara nyingi sisi akina mama ndio tunaomwita kijana na kumwonyesha pa kukata. Haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, jiulize kwa nini unakata. Sababu njema ni tawi lililokauka, lililovunjika, lenye ugonjwa, matawi mawili yanayosuguana, au tawi linalolalia paa. Kuona mti umekuwa mkubwa si ugonjwa. Kama mti ni mkubwa kuliko mahali pake, kosa lilikuwa siku ya kuupanda.

Pili, usiukate mti kichwa. Ukitaka kuupunguza, fuata tawi refu mpaka linapogawanyika, ulikate hapo, ubakize tawi dogo lililo hai la kushika nafasi yake. Wakulima wenye ujuzi huweza kukata mparachichi au mkahawa uliozeeka chini kabisa ili uchipue upya. Lakini hao hurudi, huchagua machipukizi machache yenye nguvu na kuondoa mengine. Mimi nilikata nikaondoka.

Tatu, itafute shingo ya tawi. Tazama pale tawi linapotoka kwenye shina: utaona uvimbe mdogo unaolizunguka kama ukosi wa shati. Ukosi huo ni mali ya shina, na ndani yake ndimo mti unamojenga ulinzi wake. Kata nje kidogo ya ukosi. Ukikata ndani, laini kama ukuta, kama nilivyoamuru mimi, umeondoa mlango pamoja na mlinzi. Ukiacha kigutu kirefu nacho hukauka na kuwa daraja la uozo kuingia ndani.

Nne, tawi zito likatwe kwa mikato mitatu. Mkato wa kwanza uwe chini ya tawi, kama sentimita 30 kutoka shina, uingie theluthi moja ya unene. Wa pili uwe juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza, mpaka tawi lianguke. Hapo hata likielemewa na uzito wake, gome halichuniki mpaka kwenye shina. Wa tatu uondoe kigutu kilichobaki, nje ya ukosi. Tumia msumeno mkali. Panga huponda na kuacha nyuzinyuzi, na ninyi mnajua kidonda cha kusagwa kilivyo na taabu kuliko cha kukatwa.

Tano, kata kidogo na mapema. Tawi la unene wa kidole gumba huacha jeraha ambalo mti hulifunika upesi. Tawi la unene wa paja huenda lisifunikwe kamwe. Usiondoe zaidi ya robo ya majani kwa mwaka mmoja, na mti mzee uuhurumie zaidi.

Sita, chagua wakati. Kwetu ni heri kukata baada ya mavuno, hali ya hewa ikiwa kavu, kwa sababu mvua hueneza kuvu. Mparachichi una gome jembamba linaloungua kwa jua. Kama matawi yaliyokuwa kivulini yamebaki wazi, yapake rangi nyeupe ya maji iliyozimuliwa kwa maji. Hiyo si dawa ya jeraha, ni mwavuli wa gome. Na mti ukiwa na ugonjwa, ufute msumeno kwa spiriti kabla ya kwenda mti mwingine, kama tunavyofanya wodini kutoka kitanda hadi kitanda.

Saba, tawi likiwa juu sana au karibu na nyaya za umeme, waite wenye ujuzi na kamba. Usimpandishe kijana wa mtu juu ya mti kwa malipo ya elfu chache.

YALIYOBAKI MOYONI

Wakati yule mzee ananifundisha, mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni, mkono wake kwenye plasta, anasikia yote. Alipokwisha kwenda, nilibaki nimesimama kati ya magogo. Niliona kwamba kwa miaka tisa nilikuwa sijawahi kumwambia neno "nisamehe". Nilikuwa nimempikia, nimempima presha, nimemnunulia kanga kila Krismasi. Hiyo yote ilikuwa rangi ya mafuta. Jeraha lenyewe sikuligusa.

Nilikwenda nikapiga magoti nikasema, "Mama, niliukata mti wako bila kukuuliza. Nilijua ni wako. Ndiyo maana niliukata ukiwa haupo. Nisamehe."

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Nami nilikosa. Nilikunyamazia miaka tisa. Ningekugombeza siku ile tungekuwa tumelala tumemaliza. Na mti ningekuambia uushughulikie. Kahawa nimeikata tangu nikiwa msichana. Nilijua yale machipukizi yalikuwa mengi mno, yapunguzwe. Nikasema moyoni, mwache, si ni wa kwake sasa." Tulilia wote wawili, yeye kwa mkono mmoja ananifuta machozi.

Wengi wetu tunajua mfano wa mzabibu katika Yohana 15, na mkulima anayesafisha matawi ili yazae zaidi. Nilikuwa nausoma kwa haraka, nikiona kisu tu. Siku hizi natazama mkono ulioshika kisu. Mkulima anayejua kazi hakati kwa hasira wala kwa woga. Anajua ni tawi lipi, ni wapi, ni lini. Na baada ya kukata hurudi kutazama.

Jambo hili limenifundisha hata kwa watoto. Mwanangu mkubwa alipoanza utundu wa ujana, nilimkata kichwa vilevile: marafiki marufuku, mpira marufuku, kwaya marufuku, vyote siku moja. Akatii haraka mno. Majani mengi ya kijani! Ilinichukua muda kutambua kwamba utii ule haukushikana na kitu chochote ndani. Tukakaa naye tena, mimi na baba yake, tukamrudishia mpira na kwaya, tukaondoa jambo moja tu lililokuwa bovu, na tukarudi kutazama kila juma. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, nami naongeza: mkunje polepole, usimvunje.

Mvua za vuli za mwaka huo wa 2018 tulipanda mparachichi mwingine, wa kubebeshwa, mita 12 kutoka jikoni. Mama mkwe alichagua mahali. Kila mwaka baada ya mavuno yeye huketi kwenye kigoda, mimi nashika mkasi. Ananyoosha kidole cha mkono wa kushoto. "Hilo. Siyo hilo, lile linalosuguana na mwenzake. Na hicho kichipukizi chini ya kiungo kitoe." Namuuliza kabla ya kila mkato, hata pale ninapojua jibu. Tangu mwaka 2022 mti unazaa. Haujawa na kivuli cha kukalia watu 30, labda watatu. Tunakaa wawili, tunachambua maharage. Yeye anachambua kwa mkono mmoja, nami namsogezea ungo.

Dada yangu unayesoma, kama kwako kuna mti unaotaka kuukata, nenda kwanza ukamwulize aliyeupanda. Na kama kuna jeraha ulilolipaka rangi, likwangue leo, kabla ya masika.

Bwana awabariki na kuzilinda nyumba zenu.